Hilux, kilo za chuma na barabara ya Ngare Sero

Nimerudi Moshi wiki ya pili sasa na vumbi la Engaruka bado linamwagika kila nikipandisha kioo cha dereva. Wengi mmeniuliza kuhusu gari, kuhusu njia, na kuhusu ile picha ya Hilux iliyosimama katikati ya maji. Picha hiyo nitaifikia, ina habari yake.

Nilisafiri na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa mahesabu anayetembea na daftari la shule mfukoni. Karibu kila bei mtakayosoma hapa imetoka kwenye daftari lile. Gari ni Hilux dabokebini ya 1999, injini ya aina ya 5L, dizeli isiyo na tabo. Siku za kazi inabeba chakula cha kuku, Jumapili inabeba familia. Nilitaka kuipandisha juu, kuivisha tairi kubwa, ngao ya mbele, keria ya paa, snokeli (bomba linaloivutia injini hewa kutoka juu ya paa) na taa, halafu niijaribu hadi Ngare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron.

Jumatano, 11 Juni. Moshi – Unga Limited

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipupwe kimeshika, mlima umejifunika wote. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80 na hazina la kusimulia, ila Tengeru ilikuwa siku ya soko, tukapoteza nusu saa nyuma ya mikungu ya ndizi. Chai Usa River: chai ya maziwa, chapati mbili mbili na supu, 9,000 kwa watu wawili.

Asiyeifahamu Unga Limited, mtaa wa gereji wa Arusha, aelewe kwamba hapo ndipo Land Cruiser za watalii nyingi zinapozaliwa mara ya pili. Gari linaingia fupi, linakatwa chesisi, linaongezwa kipande katikati, linatolewa paa na kuwekewa la kufunguka. Siku ile palikuwa na mbili zimekatwa kama mkate, pua huku, mkia kule, na kijana amelala kwenye uwazi wa katikati anakula muhogo.

Fundi springi wetu ni mzee aliyevaa katambuga, mikono imeota sugu mpaka spana inaonekana kama sehemu ya kiganja. Tulimwamkia, akaitikia, akalizunguka gari bila kusema kitu. Nikamwambia nataka majani mawili ya ziada kila upande kwenye springi za nyuma, na mbele akaze toshenba (fito za chuma zinazofanya kazi ya springi) lipande sawa na nyuma.

"Linabeba nini hili?"

"Safari, mzee. Mizigo."

"Mizigo gani?"

Shemeji akajibu kwa niaba yangu: "Tunaweka keria kubwa."

"Keria ni mzigo?" Mzee akacheka. "Nani anakupa nauli ya keria, baba?"

Lakini kazi aliifanya. Alifungua yubolti za zamani, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye eksoli, akapanga majani sakafuni kwa urefu, akaingiza yale mapya, akayafunga pamoja kwa senta bolti. Senta bolti ni kibolti kimoja kinachopenya katikati ya majani yote, na kichwa chake kinakaa kwenye tundu la eksoli. Ndicho kinachofanya gurudumu likae mahali pake. Kinachokizuia kisikatike ni yubolti kubana kila kitu kisicheze. Kwa kuwa fungu la springi lilikuwa limenenepa, yubolti za zamani hazikufika, tukanunua ndefu zaidi.

Alipomaliza alitushika mabega wote wawili. "Majani mapya hukaa. Yakikaa, nati zinalegea zenyewe. Mkifika kilomita mia, simameni. Kazeni nne za huku na nne za kule."

Shemeji aliandika. Ninayo picha ya ukurasa ule, imeandikwa KAZA 100 kwa herufi kubwa.

Kisha mzee akaonyesha kidude kidogo juu ya difu ya nyuma, lile boksi la gia lililo kwenye eksoli. Hicho ni cha kupumulia, akasema. Kwa elfu kumi na tano angeunga mpira na kuupandisha mpaka juu ya bodi. Difu likipata moto hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Ukiliingiza kwenye maji ya baridi hewa inasinyaa ghafla, difu linavuta, na litavuta chochote kilicho karibu. Nilimwangalia shemeji, shemeji akaniangalia. Tulidhani ni wale wazee wa mjini wanaoongeza kitu kwenye kila bili. Nikamwambia asante mzee, safari nyingine.

*Kwa mtakaokwenda:* msiache gari gereji mkaenda kutembea mjini. Kaeni nalo. Vitu vidogo kama bolti na bushi nendeni mkanunue wenyewe pamoja na kijana wa fundi, muone kinachotoka na kinachoingia, na kilichotoka mkidai mkononi.

Alhamisi, 12 Juni. Bado Unga Limited

Tuliambiwa saa nane mchana gari litakuwa tayari. Lilitoka saa tatu usiku.

Snokeli ndiyo iliyonitoa jasho. Fundi alibandika karatasi ya vipimo kwenye fenda ya kulia, akapiga alama za kalamu, akachukua drili yenye meno ya duara na kutoboa tundu kubwa kwenye bati ambalo miaka yote hii sikuwahi kuliruhusu hata mkwaruzo. Kipande cha bati kilianguka chini kikazunguka kama shilingi. Niliomba nipewe, ninacho hadi leo. Kikubwa kwenye snokeli ni maungio: kila bomba lipakwe silikoni na kubanwa klipu, maana injini ikivuta maji badala ya hewa, maji hayashindiliki, na konrodi, vyuma vinavyosukumwa na pistoni, zinapinda. Snokeli yenye ungio moja linalovuja ni pambo tu.

Ngao ilichomewa pale pale kwa bomba nene, keria kwa bomba za mraba. Watu wanne waliinyanyua keria kuipachika, na nilimsikia mmoja akiguna. Tairi nilichukua za mtumba zenye meno mazuri, 265/75R16, badala ya 205R16 za awali. Ukikata kona mpaka mwisho ziligusa bati la ndani. Fundi akamaliza ubishi kwa nyundo.

Taa zilifungwa mwisho, usiku, na mtu wa umeme aliyekuwa na haraka ya kurudi kwake. Sikuuliza maswali. Nilipaswa kuuliza.

Daftari la shemeji: majani manne 160,000, yubolti nne 60,000, tairi nne 800,000, ngao 550,000, keria 400,000, snokeli 320,000, taa 180,000, ufundi wote 150,000. Jumla 2,620,000. Chini yake ameandika: "mpira wa difu 15,000 – HAPANA."

Tulilala gesti karibu na soko la Kilombero, 25,000 chumba, maji ya moto kwa ndoo.

Ijumaa, 13 Juni. Arusha – Mto wa Mbu

Tulijaza dizeli lita 65, shilingi 185,000. (EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kama safari yenu inaangukia hapo, sikilizeni kwanza ndipo mjaze.) Mashine ya upepo ya kuchomeka kwenye betri niliazimwa na jirani Moshi, na hiyo ndiyo iliyotufaa kuliko vyote.

Kisongo, Duka Bovu, Meserani. Gari limekaa juu, unaona mpaka ndani ya mabasi. Madereva waliotoka mbele walikuwa wanatuwashia taa, mimi nikadhani wanaisifia ngao. Kumbe gari likipandishwa taa za mbele nazo hutazama juu, unawapofusha watu. Kuna skrubu nyuma ya taa. Tulisimama mbele ya ukuta wa duka, tukazishusha kwa bisibisi.

Kwenye kijiji kimoja cha mbele, askari wa barabarani alitoka kwenye kivuli na mkono juu.

"Dereva, habari za safari. Hapa ni hamsini. Tochi inasema hamsini na saba."

Nilimwapia, mshale ulikuwa hamsini na kidogo. Aliangalia tairi, akaangalia keria, akatabasamu. "Mzee, tairi hizi ndizo ulizonunua nalo?"

Alikuwa na haki. Shemeji alipiga hesabu tukiwa bado tumesimama: tairi la zamani lilikuwa na kimo cha sentimita 74, jipya ni 80 na kidogo. Kila likizunguka mara moja, gari linasogea zaidi kwa asilimia kama nane, na dashibodi haina habari. Mshale ukisema 80 unakimbia karibu 87. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, kwa hiyo ukipima ulaji wa mafuta kwa dashibodi utalilaumu gari bure. Faini 30,000, tukalipa kwa simu kwa namba ya malipo, tukaagana vizuri.

Makuyuni ni kilomita 80 kutoka Arusha. Hapo ndipo tulipokubaliana kwamba kukaza nati kutasubiri kidogo, kwa sababu kulikuwa na mishikaki. Kilomita mia ilitupita tukiwa tunatafuna.

Mto wa Mbu tulifika saa tisa. Wali wa pale kwa maharage na mchicha, 4,000 sahani, na ndizi nyekundu za kubeba. Mama muuza ndizi alikataa kutuuzia zilizoiva sana. "Kesho njia ya Engaruka itazifanya uji, mwanangu. Chukua hizi ngumu."

Jumamosi, 14 Juni. Mto wa Mbu – Ngare Sero

Lami unaiacha mjini, unashika kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hadi Engaruka ni kama kilomita 60, na nyingi ni rasta, yale mawimbi madogo ya barabarani yanayokung'uta meno. Keria ilianza kuimba. Kwanza filimbi ya upepo, halafu mlio wa bati, halafu kitu kama mtu anagonga mlango juu ya vichwa vyetu. Humo juu tulikuwa na tairi mbili za spea, madumu mawili ya maji ya lita 20, dumu la dizeli, jeki ndefu, turubai na majembe mawili. Kila kona gari lilikuwa linayumba juu kwanza, chini baadaye.

Engaruka tulipumzika kwenye kivuli. Watu wanapita pale wakikimbilia Natron bila kujua kuwa juu kidogo kuna mabaki ya mji wa kale na mifereji ya mawe ya kumwagilia, kazi ya wakulima walioishi hapo karne nyingi kabla yetu. Mashamba ya leo yanakunywa maji ya kijito kile kile.

Magetini kuna ushuru wa halmashauri. Viwango hubadilika, ulizeni Mto wa Mbu kabla hamjaondoka, na risiti mzitunze, kuna mahali mbele mtaulizwa.

Baada ya Shimo la Mungu, Oldoinyo Lengai yote mbele yetu imekaa kama pia iliyogeuzwa, tuliingia kwenye korongo la mchanga na kukwama. Nilikanyaga mafuta, gari likajichimbia kaburi. Vijana wawili wa Kimaasai walikuja na mbuzi wao.

"Sopa!"

"Ipa," akaitikia mkubwa wao. Akapiga teke tairi kwa ncha ya kandambili. "Hii imejaa kama ng'ombe aliyekula majani mabichi. Toa upepo."

Tairi zilikuwa na upepo wa 38. Tulishusha mpaka 20, tairi likatandika tumbo lake mchangani, wakatuchimbia mbele ya magurudumu kwa mikono, tukatoka mara moja. Mdogo akaangalia keria. "Gari lenu zito," akasema, kama anavyosema mtu hali ya hewa. Hawakutaka pesa. Walitaka maji. Dumu moja likashuka.

Tulijaza upepo tena, tukaendelea kwenye rasta. Kama nusu saa baadaye ulisikika mshindo mmoja mkavu nyuma kulia, halafu usukani ukaanza kuvuta. Nilishuka, nikaliangalia gari kwa nyuma: linatembea kama kaa, pua kaskazini, mkia mashariki. Gurudumu la nyuma kulia limerudi nyuma mpaka linakaribia kugusa bodi. Nati za yubolti nilizungusha kwa vidole. Senta bolti ilikuwa imekatika kama kipande cha chaki.

Shemeji hakusema neno. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa KAZA 100, akaliweka juu ya boneti, akaenda kukaa kwenye jiwe.

Saa moja na dakika kumi hakupita mtu. Kisha ikaja Fuso ya mbuzi. Dereva, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, alilala chini ya gari letu bila hata kuombwa. Akarudi kwenye Fuso, akatoka na kopo la rangi limejaa bolti, pini na nati za miaka yote, akamwaga kwenye gunia na kuchagua kama mtu anayechambua mchele. Iliyopatikana ilikuwa nene kidogo kichwani. Akaisugua kwenye jiwe, kwa zamu na sisi, karibu nusu saa.

Tulinyanyua bodi kwa jeki ndefu (sawa, hiyo ilistahili kubebwa), tukasukuma eksoli mbele kwa nondo mpaka kichwa cha bolti kikaingia kwenye tundu lake. Ule mlio wa "tk" ndio mtamu kuliko yote niliyosikia safari nzima. Akakaza nati zote nane, kulia na kushoto, akaegemea spana kwa uzito wake wote.

"Nikulipe nini, kaka?"

"Mbuzi wana kiu."

Dumu la pili likashuka. Gari likawa limepungua kilo arobaini tangu asubuhi, na nilianza kuhisi tofauti kwenye kona.

Giza lilitukuta kabla ya kijiji. Nikawasha taa zangu za 180,000, zote. Kwenye vumbi lile zilijenga ukuta mweupe mbele ya kioo, nikaona kidogo kuliko bila taa. Dakika tano baadaye, harufu ya plastiki. Swichi ilikuwa inayeyuka: yule wa umeme alipitisha moto wote kwenye swichi kwa waya mwembamba, bila rilei (kifaa kinachobeba moto mkubwa badala ya swichi) wala fyuzi. Nilichomoa waya wa betri kwa mkono uliofungwa kitambaa. Tukaingia Ngare Sero kwa taa za kawaida, mwendo wa baiskeli.

Kambini walitupokea na chai na loshoro (mahindi na maziwa mgando), tukala bila kuongea. Kupiga hema 20,000 kwa mtu.

Jumapili, 15 Juni. Ngare Sero

Ziwa, heroe, chumvi inayong'aa. Picha zinasema vizuri kuliko mimi. Nendeni alfajiri, saa nne jua linakuwa halikaliki.

Sasa ile picha. Tukirudi kutoka ziwani, baada ya saa nzima ya mchanga, tulifika penye mto. Maji yalikuwa katikati ya gurudumu, ya baridi, safi. Nikamwambia shemeji ashuke apige picha, snokeli ionekane. Niliingia nikasimama katikati. Akasema jua liko nyuma. Nikarudi, nikaingia upande mwingine, nikasimama tena. Tulifanya hivyo mara nne. Maji hayakufika hata karibu na injini.

Sitaki kuidhulumu snokeli, hata hivyo. Jioni nilitoa kichujio cha hewa nikakikung'uta: baada ya vumbi lote lile la majivu ya Lengai, kilikuwa kisafi kuliko nilivyotarajia. Hewa ya juu ya paa ina vumbi kidogo. Kama utaifunga kwa sababu hiyo, funga.

Jumatatu, 16 Juni. Ngare Sero – Longido – Arusha

Tulipita Gelai na Ketumbeine hadi lami ya Namanga pale Longido: mawe, punda, kusimama kukaza nati mara mbili, na hakuna kingine.

Jumanne, 17 Juni. Unga Limited tena

Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, anatafuna kijiti. Akatoa jani moja kila upande na kuweka senta bolti mpya. Ile ya dereva wa Fuso niliiweka mfukoni pamoja na kile kipande cha fenda. Keria tulishusha watu wanne tena, akaguna yule yule.

Kisha mzee akaweka karai chini ya difu ya nyuma na kufungua nati. Oili namba 90 niliyoiweka mwezi wa nne, nyeusi inayong'aa, ilitoka imepauka, nzito, ina povu ukingoni. Alichovya kidole akaninyooshea.

"Chai ya maziwa," akasema. "Imekosa sukari tu."

Tulisafisha difu kwa dizeli, tukaweka oili mpya na sili mpya ya eksoli. Mpira wa kupumulia ulikuwa bado 15,000. Shemeji alitafuta ule ukurasa wa Alhamisi, akakata neno HAPANA kwa mstari mmoja, akaandika tarehe.

Taa nimefungiwa upya Moshi, na rilei, mbili tu. Keria iko nyuma ya banda, kuku wamehamia juu yake tangu juzi. Anayeitaka, 250,000, maelewano yapo, aje na watu wanne.